Mabehewa Yaliyozunguka Bila Abiria



Mwezi wa Mfungo Tano uliopita, Mwenyezi Mungu aliniruzuku kwenda umra. Nilipowaaga watu wa nyumbani, kila mmoja alinipa agizo lake: huyu dua, yule tende za Madina, mwingine maji ya Zamzam. Dada yangu anifuataye kwa kuzaliwa hakutaka tende wala maji. Agizo lake lilikuwa moja tu. "Kaka, ukimaliza ibada zako, pita Riyadh ukamwone mwanangu kwa macho yako. Na umwambie kwa ulimi wako, si kwa simu, asilipande lile dude."

Dude lenyewe ni rola kosta. Kwa asiyeijua, ni gari la mabehewa madogo yaliyo wazi, lipitalo juu ya reli iliyoinuliwa kwa nguzo. Hupanda mlima wa chuma, likashuka kwa kasi, likapinda na kupinduka, kisha likarudi pale lilipoanzia. Watu hulipa fedha zao ili waogope kwa dakika chache, na wakishuka huwa wanacheka. Hiyo aliyoikusudia dada yangu ilikuwa ikijengwa Qiddiya, kiasi cha kilomita 40 kusini-magharibi mwa Riyadh, katika bustani ya burudani ya Six Flags. Imepewa jina la Falcons Flight, yaani mruko wa kozi, ndege yule ambaye Waarabu humfuga kwa kuwindia.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 24. Alikwenda Saudia kwa mkataba wa udereva, akapangiwa kuendesha basi la kuwapeleka wajenzi kazini alfajiri na kuwarudisha kambini jioni. Hakuwa fundi wala mhandisi. Lakini kambini kulivuma maneno kwamba majaribio yatakapofika mwisho, wafanyakazi ndio watakaopandishwa kwanza kabla ya umma, kama ilivyo desturi ya bustani nyingi za namna hii duniani. Kijana akamtumia mama yake habari hiyo kwa furaha, na kwa kuwa amelelewa akaleleka, akamwomba idhini. Mama mtu hakulala usiku ule.

Nilipomaliza ziara ya Madina nikapanda ndege hadi Riyadh. Mpwa wangu alinipokea, akanibusu mkono, na kabla hatujafika nje ya uwanja akaniambia, "Mjomba, najua Mama amekutuma. Nakuomba jambo moja. Kabla hujaniambia neno lake, twende kwanza ukaone." Nikaona ombi lake ni la haki. Kadhi hahukumu asichokisikia pande zote mbili.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, tulipanda gari la rafiki yake Mmisri tukashika barabara ya Makka. Mji wa Riyadh uko juu ya uwanda mpana wa Najd, nawe ukienda upande wa magharibi huhisi kama nchi yote ni bapa. Ghafla ardhi hukatika. Hapo ndipo penye Jabali Tuwaiq, ukingo wa majabali marefu uendao mamia ya kilomita, na kutoka juu yake hadi chini ni genge la kutisha. Barabara huteremka kwa mizunguko hadi bondeni. Reli ya rola kosta hiyo imejengwa kwa kulitegemea genge hilo hilo: hupita juu ya ukingo wa jabali, kisha ikajitupa chini.

Tulisimama mbali, kando ya njia, mahali ambapo watu wengine nao walikuwa wamesimama. Walikuwapo Wapakistani wawili, baba mmoja Msaudia na wanawe watatu, na vijana wa Kiganda waliokuwa na siku ya mapumziko kama mpwa wangu. Joto la Agosti lilikuwa bado linachoma ingawa jua lilikwisha kuinama. Sote tulikuwa tukikitazama kile chuma chembamba kilichojipinda juu ya jabali kama uzi uliomdondoka mshonaji. Hapakuwa na kitu kilichotembea.

"Leo watalipitisha?" nikauliza.

"Allahu aalam," akasema mpwa wangu. "Siku nyingine hupita mara nyingi, siku nyingine halipiti kabisa. Wao hawafanyi kwa ajili yetu sisi watazamaji."

Tukangoja. Wale watoto wa Kisaudia walikuwa wakiuliza kila baada ya dakika moja, na baba yao akiwajibu kwa subira, kesho, leo, inshallah, sasa hivi. Nami nilipata nafasi ya kumuuliza mpwa wangu habari za kile tulichokuwa tukikingoja, na akanieleza kwa ufasaha wa mtu aliyeisoma habari hiyo usiku na mchana.

Waliyotangaza wenyewe wenye mradi ni haya. Njia nzima ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Kimo chake ni mita 195, ambacho ni karibu mara mbili ya jengo letu la KICC la Nairobi. Kasi yake ya juu ni kilomita 250 kwa saa. Kabla yake, rola kosta yenye kasi kupita zote duniani ilikuwa Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, na kasi yake ni kilomita 240 kwa saa. Iliyokuwa na kimo kupita zote ilikuwa Kingda Ka ya Marekani, mita 139, nayo ilifungwa mwaka 2024 ikavunjwa. Hii ya Qiddiya huvutwa kwa nguvu za sumaku za umeme, si kwa mnyororo kama zile za zamani.

Nikamwambia, "Mwanangu, kilomita 250 si kitu. Juzi nimepanda treni ya Haramain kutoka Makka kwenda Madina, nayo hufika 300, na kahawa yangu haikumwagika." Akatabasamu. "Mjomba, treni ile imenyooka. Mwili hauhisi mwendo, mwili huhisi mageuzi ya mwendo." Nikanyamaza, maana alikuwa amenifundisha. Nikakumbuka treni yetu ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kasi yake ni 120, na wazee wetu husinzia ndani yake. Kinachotikisa moyo ni kuongezwa kasi kwa ghafla, kuzuiwa kwa ghafla, kupindishwa na kudondoshwa. Na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mwili wa mwanadamu una mpaka wake.

Jua lilikuwa limebakia kimo cha mkuki tulipousikia mlio. Haukuwa mlio wa injini. Ulikuwa kama upepo uingiao katika mlango mwembamba. Mmoja wa watoto akapiga ukelele na kunyosha kidole. Nikaliona gari likitokea juu ya ukingo wa jabali, dogo kama jongoo, likaenda polepole, likawa kama limesita, kisha likainama na kuanguka. Nasema kuanguka kwa kuwa sijui neno jingine. Nilijikuta nimeushika mkono wa mpwa wangu na ulimi wangu ukisoma dua. Lilipofika chini halikusimama, likapinda bondeni kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata, likatoweka nyuma ya nguzo.

"Wamo watu?" nikauliza.

"Hapana, Mjomba. Tupu."

Sitaficha, wasomaji wangu: pamoja na hofu yangu, nilikuwa nimeingiwa na tamaa. Mzee wa makamo yangu, mwenye goti linalouma, nilitamani nami niwemo. Basi sikumlaumu tena kijana wa miaka 24.

Tuliswali Magharibi pale pale juu ya mkeka, na baada ya swala gari likapita tena, safari hii taa zikimulika reli. Likapita mara ya tatu. Kila mara tupu. Na hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba yangu, na siku ya Idd pili ya utoto wetu katika uwanja wa Makadara.

Wale waliokulia Mombasa wanaujua uwanja huo siku za Idd. Tulikuwa tukivalishwa nguo mpya, tukipewa sarafu, tukikimbilia pembea. Pembea kubwa siku hizo zilikuwa za mbao, zenye masanduku manne ya kukalia watoto, zikizungushwa kwa mikono na vijana wenye nguvu. Dada yangu alikuwa na miaka sita, mimi tisa. Tulipanda masanduku mbalimbali. Mzunguko wa tatu au wa nne, pini ya chuma iliyoshika sanduku lake ilikatika upande mmoja. Sanduku likainama, naye akaanguka juu ya mchanga. Alivunjika mkono wa kushoto.

Watu walikusanyika, na mwenye pembea akawa akisema kwa sauti, "Kadari ya Mungu! Kadari ya Mungu!" Baba yangu alipofika, alimchukua mwanawe, akamkabidhi shangazi yetu ampeleke hospitali, kisha akainama akaiokota ile pini. Akaitazama. Alikuwa fundi wa kuunda madau na mashua, anajua chuma na anajua mbao. Akamwambia mwenye pembea kwa sauti ya chini, "Kadari naiamini kama unavyoiamini wewe. Lakini pini hii imelika tangu zamani. Mara ya mwisho kuitazama ilikuwa lini?" Yule bwana hakuwa na jawabu.

Mkono wa dada yangu uliungwa lakini haukunyooka sawasawa. Mpaka leo, anapoinua mikono kuhirimia swala, mmoja hufika masikioni na mwingine huishia begani. Basi msimcheke mama huyu kwa kuogopa. Yeye hofu yake haikutoka vitabuni.

Baba alipokuwa akimaliza kuunda chombo, hakukitia shehena siku hiyo. Kilikwisha kalafatiwa, kikapakwa shahamu, watu wakaja kukishua kwa nyimbo, na mwenye chombo alikuwa na haraka ya kusafiri kwa kuwa pepo za kusi zina wakati wake. Lakini baba alikiacha majini kitupu. Asubuhi alishuka ngamani kwa taa, akapapasa kila ubao, akaweka alama palipovuja. Mwenye chombo akinung'unika, alimjibu kwamba maji ni shahidi asiyehongeka. Kumbe lile nililoliona chini ya Jabali Tuwaiq, pamoja na sumaku zake na kompyuta zake, lilikuwa ni jambo lile lile la baba yangu: chombo kinashuliwa kitupu.

Usiku ule tulikwenda kula kambini kwao, na mpwa wangu akaniketisha na rafiki yake Mfilipino ambaye ni fundi wa mitambo na amewahi kufanya kazi katika bustani za namna hii nchini mwake. Sikumuuliza siri za kazi yake ya sasa, wala yeye hakunipa. Nilimuuliza namna gani kazi hii hufanywa kwa kawaida popote pale duniani. Alinieleza mambo ambayo nadhani kila mzazi atafaidika kuyajua.

Kwanza, gari la rola kosta halikalii reli kama treni. Lina magurudumu ya namna tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoliongoza, na ya chini yanayoikumbatia reli kwa chini ili gari lisiweze kuruka. Magurudumu hayo ya chini yaliandikishwa kuwa uvumbuzi na Mmarekani aitwaye John Miller mwaka 1919, na ndiyo yaliyowezesha michezo hii kwenda kasi bila ya mabehewa kung'oka.

Pili, njia yote hugawanywa vipande. Gari la nyuma haliruhusiwi kuingia katika kipande mpaka kompyuta ihakikishe kwamba gari la mbele limekwisha kutoka. Ikiwa kuna shaka, magari yote husimama. Mafundi huitengeneza shaka hiyo kwa makusudi wakati wa majaribio: hukata umeme, huzuia gari njiani, huuchezea mtambo kama adui angeuchezea, ili waone kama utafanya linalotakiwa.

Tatu, gari hupitishwa tupu mara nyingi sana, kisha huwekwa viti vilivyojazwa masanamu ya plastiki yenye maji ndani yake, yenye uzito kama wa watu. Gari zito haliendi kama gari jepesi. Na gari la asubuhi haliendi kama la mchana, kwa kuwa grisi ikipata joto hulainika na magurudumu hukimbia zaidi. Upepo nao una hukumu yake. Wakati mwingine gari hukosa nguvu ya kufika kileleni likarudi nyuma, na lazima pawe na breki za kulidaka. Ile Kingda Ka ya Marekani ilikuwa ikirudi nyuma namna hiyo mara kwa mara, na breki zake zilikuwa zimewekwa tayari kwa jambo hilo.

Nne, na hili lilinifurahisha kupita yote, majaribio hayaishi siku ya ufunguzi. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kukata tikiti, fundi hukagua njia, hutazama nati na bolti, na gari hupitishwa tupu tena. Hata kama jana lilibeba watu elfu salama, asubuhi huanza upya kama halijulikani.

Nikamuuliza, "Na zamani mlijuaje haya?" Akajibu kwa unyenyekevu, "Tuliyajua kwa walioumia." Ni kweli. Rola kosta ya kwanza ya biashara nchini Marekani ilifunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, na LaMarcus Thompson, kwa nauli ya senti tano, na mwendo wake ulikuwa wa kiasi cha kilomita 10 tu kwa saa. Miaka 11 baadaye, mahali pale pale, walijenga iliyopindua watu vichwa chini kwa duara kamili. Duara lile liliwakandamiza watu shingo na migongo wakaumia, na haikudumu. Ilibidi zipite miaka mingi mpaka wahandisi walipotambua kwamba pindo hilo lisiwe duara, liwe kama umbo la tone la maji, ili mwili usilemewe kwa ghafla. Mwaka 1976 ndipo ilipofunguliwa ya chuma yenye pindo la namna hiyo huko California.

Nasi Waislamu tuna kisa chetu. Al-Maqqari amepokea habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, mwanachuoni wa karne ya tisa, kwamba alijivika manyoya, akajitengenezea mbawa, akaruka kutoka mahali pa juu. Aliruka kwa masafa, lakini aliposhuka aliumia mgongo, kwa kuwa hakutambua kwamba ndege hutumia mkia wake anapotua. Twamsifu kwa ujasiri wake, na ni haki yake. Lakini mimi naliona funzo katika mkia. Yeye alijijaribia mwilini mwake. Fundi wa leo hujaribia maji ndani ya sanamu, na mwili wa mtoto wa watu haufikishwi pale mpaka sanamu limeshuka salama.

Baada ya chakula nilimpigia dada yangu. Mombasa na Riyadh saa ni moja, na alikuwa hajalala, alikuwa akiingoja simu.

"Umemwambia?" akauliza hata kabla ya salamu.

Nikamwambia, "Sijamwambia. Nimeona kwanza. Na sasa nitakwambia wewe niliyoyaona, kisha uamuzi ni wako, kwa kuwa wewe ndiwe mama."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye mabehewa matupu, aliniuliza, "Mara ngapi?" Nikamjibu, "Mimi nimeona mara tatu kwa jioni moja, na yeye anaona kila siku tangu kabla sijaja." Akauliza, "Na likikwama huko juu, nani atamshusha?" Nikamweleza habari za breki na ngazi za mafundi. Akauliza, "Na mwenye kuitazama ile pini, anaitazama lini?" Nikamwambia kila asubuhi. Alinyamaza kwa muda. Nilisikia pumzi zake.

Kisha akasema neno ambalo nilijua litakuja. "Kaka, wewe ni mwenye elimu. Si ajali ya mtu imekwisha kuandikwa? Kama imeandikwa, hayo majaribio yanazuia nini?"

Nikamkumbusha habari ya Sayyidna Umar, radhi za Allah zimfikie, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari nyingine ya Allah, na akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga ni kwa kadari, lakini mwenye akili huchunga penye majani. Nikamwambia, "Pini iliyolika ni kadari, na fundi anayeibadilisha kabla ya Idd naye ni kadari. Sisi tumeamrishwa tuwe upande wa fundi."

Nikamkumbusha pia kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemkataza mtu kulala juu ya dari isiyo na ukingo, na amefundisha kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, akidhuru, ni juu yake dhamana. Wanavyuoni wakajenga juu ya mafunzo hayo hukumu za kila mwenye kuuchukua mwili wa mtu mikononi mwake: tabibu, nahodha, dereva, na kwa kiasi hicho hicho mwenye pembea. Na mchezo wenyewe si haramu. Mtume alishindana mbio na Bi Aisha, na akamwachia awatazame Mahabushi wakicheza kwa mikuki siku ya Idd. Furaha ina nafasi yake katika dini, maadamu haikuzuii na swala, haikutii katika maasi, na haikudhuru wewe wala mwenzako.

Dada yangu akasema, "Mpe simu mwanangu."

Nikampa, nikasogea kando. Sikusikia yote, na yaliyo baina ya mama na mwanawe si ya gazeti. Nilimwona kijana akitikisa kichwa, akasema, "Naam, Mama. Naam. Nitasoma. Sitapanda mpaka wenyewe waseme ni wakati. Naam." Alipokata simu macho yake yalikuwa yamelowa. Akaniambia, "Ameniruhusu, Mjomba. Amesema nisome Ayatul Kursiy, na nimwulize fundi habari ya pini."

Wasomaji wangu watataka kujua kama alipanda. Hakupanda. Kabla ya mwaka kwisha, mwajiri wake alimhamishia kwenye kazi nyingine, mbali na Qiddiya, kama lilivyo jambo la kawaida kwa vijana wetu walioko Ghuba: hujenga, na jengo likikamilika wao huwa wamekwisha ondoka. Bustani ile ilifunguliwa kwa umma tarehe 31 Desemba 2025. Mpwa wangu aliiona siku hiyo katika simu, kama nilivyoiona mimi na ninyi. Alipompa mama yake habari ya kuhamishwa, nilidhani dada yangu atafurahi. Badala yake alisikitika. "Na mimi nilikwisha jiandaa," alisema. "Nilikuwa nimekwisha mweka mikononi mwa Mola wake."

Nimeyaandika haya si kwa kuisifu rola kosta, wala kumhimiza mtu yeyote aende kuipanda. Nimeyaandika kwa kuwa tumo katika Shaabani. Ramadhani iko mlangoni, na baada yake, Mungu akitujaalia uhai, ni Idd. Uwanja wa Makadara utajaa tena, na viwanja vya Lamu, Malindi na Kwale. Watoto watavaa nguo mpya, na pembea zitaletwa juu ya mikokoteni na malori, zikafungwa usiku kwa haraka, na asubuhi mtoto wa kwanza atapandishwa. Huyo mtoto wa kwanza, katika pembea nyingi zetu, ndiye jaribio.

Akina mama, ninyi ndio mnaowashika mikono watoto mpaka kwenye pembea, na sauti yenu ina nguvu kuliko ya sheikh juu ya mimbari. Mulizeni mwenye pembea maswali matatu ya dada yangu. Umeizungusha mara ngapi tupu? Ikikwama, nani atamshusha mwanangu? Pini umeitazama lini? Mwenye pembea mwaminifu hatakasirika, atafurahi kuulizwa, na atawaonyesha. Akikasirika, mshukuruni kwa jawabu lake, mrudi na mtoto wenu. Na maswali haya hayaishii kwenye pembea. Yanafaa kwa gari linalowachukua watoto skuli, kwa mashua iwavushayo mlangoni, na kwa dari ya madrasa iliyojengwa juzi.

Nanyi wenye pembea, ni ndugu zetu na mwatafuta riziki ya halali. Gunia la mchanga halilipi nauli, lakini mlipandishe kwanza. Pakieni magunia manne yenye uzito wa watoto, mzungushe tangu alfajiri mpaka watu watoke kuswali Idd. Pini iliyolika ibadilisheni hata kama ingeweza kuvumilia siku moja zaidi. Mtu akikwambieni mwachelewa kufungua, mwambieni mwatekeleza amana.

Siku niliporudi kutoka safari, dada yangu alikuja kuniamkia. Tuliswali Magharibi jamaa nyumbani, na mke wangu aliyesimama naye safu moja ameniambia baadaye kwamba alipopiga takbiri, mkono mmoja ulifika masikioni na mwingine ukaishia begani kama kawaida, na kwamba baada ya swala alikaa kitako kwa muda mrefu akiomba. Hakumwomba Mungu awazuie watoto wasicheze. Aliwaombea walio na jukumu la kuzitazama pini.